Hardly Si Bidii, Wanangu

Wanangu, anayetaka kuona sifa ikigeuka tusi bila mwenye kusifu wala mwenye kusifiwa kung'amua, na akae steshenari ya mjini wiki ambayo nafasi za kazi zimetangazwa. Vijana huingia na vyeti vyao ndani ya bahasha za kaki, binti wa kompyuta anachapa huku anatafuna bigijii, mashine ya fotokopi inanguruma, na barua zinatoka moja baada ya nyingine zingali na moto. Zisome. Ukifika aya ya pili, pale mwombaji anapojinadi, utaikuta sentensi ambayo mimi na yenyewe tumezeeka pamoja: "I work hardly."

Kijana wa watu alikusudia kusema anafanya kazi kwa bidii. Alichomwambia mwajiri ni kwamba kazi hafanyi, na akifanya basi ni kwa kugusa na kuacha. Amesema hivyo kwa maandishi, akatia sahihi yake chini kwa wino wa bluu, akabandika na picha ya pasipoti ili asije akachanganywa na mtu mwingine. Kisha akalipa hela ya kuchapiwa, akaenda nyumbani kusubiri kuitwa.

Zamani, nikiwa na chaki mkononi, jambo hili lilikuwa likinipandisha presha. Siku hizi nacheka kidogo, naomba kalamu, nafuta herufi mbili za mwisho, namrudishia mwenyewe. "I work hard." Mara nyingi hanishukuru. Hunitazama kwa mashaka, maana anaona nimemnyang'anya kitu alichokitolea jasho darasani.

Na kweli alikitolea jasho. Hapo ndipo penye kichekesho chenyewe, kwa sababu kosa hili si la mvivu. Mtoto wetu wa Tanzania husoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Akivuka kizingiti cha Kidato cha Kwanza anakuta karibu masomo yote yanafundishwa kwa Kiingereza, na katika mahangaiko yale anapewa kanuni chache za kushika ili asizame. Mojawapo ndiyo hii: chukua kivumishi, kitilie "ly", umepata kielezi. "Slow" linakuwa "slowly", "careful" linakuwa "carefully", "beautiful" linakuwa "beautifully". Kanuni nzuri. Inamfaa mara nyingi kuliko inavyomwangusha, nami nimeifundisha na ningeifundisha tena. Mwanafunzi msikivu ameishika kwa mikono miwili, na akilikuta "hard" analitilia "ly" yake vilevile alivyofunzwa. Mwenzake aliyekuwa akilala dawati la nyuma, asiyejua kivumishi ni mnyama gani, yeye ataandika "I work hard" bila wasiwasi wowote, kwa kuwa ndivyo alivyolisikia kwenye filamu.

Wala si kwamba yule msikivu hajawahi kukutana na "hardly" lenyewe. Wamekutana sana. Waulizeni waliopita Kidato cha Nne, Tanzania au Kenya, kama hawakukaririshwa kuandika upya sentensi kwa kuanza na "Hardly had", na kuonywa kwamba huko mbele lazima ije "when", tofauti na "No sooner" inayodai "than". Wanaweza kuitamka usingizini. "Hardly had the teacher entered when the bell rang": mwalimu hata hajamaliza kuingia, kengele ikalia. Mtihani ukija anazoa alama zake. Miezi michache baadaye anaandika barua ya kazi, na lile "hardly" la mtihani halimjii kichwani hata chembe, kwa sababu alilitia kwenye kapu la kujibia maswali, halikuingia kwenye kapu la maneno ya kusemea mambo yake.

Amepewa umbo, hakupewa maana. Maana ni kwamba "hardly" ni neno la kukanusha, ila ukanushi wake umejificha. "He hardly eats": huyo hali, anaonja tu. Ndiyo sababu swali la mkiani huwa "does he?" na si "doesn't he?", na ndiyo sababu "I can't hardly see" huhesabiwa kuwa ni kukanusha mara mbili. "Hardly any sugar" ni sukari ya kunusishwa. "Hardly ever" ni kwa nadra mno. Litumieni mtakapo, kwa wagonjwa wasiokula na wapangaji wasiolipa, lakini msilitie kwenye sifa zenu.

Kuna waungwana huona ajabu kwamba herufi mbili zinaweza kubadili maana kiasi hicho. Sisi tusingepaswa kushangaa. Nenda sokoni umwambie muuza nafaka akupimie kilo mbili za wali, uone atakavyokutazama. Shambani ni mpunga, ukishatoka mashineni ni mchele, sufuriani ndio wali, na mbegu ilikuwa ileile moja. Mwingereza vyote hivyo huviita "rice" na hapati tabu. Basi naye ana sehemu zake ambazo asili ni moja na vitu ni viwili, na sehemu hizo ndizo zinazotuumbua.

"Late" na "lately" wamo katika ukoo huo. Aliyekuja kwa kuchelewa, "he came late". "Lately" ni siku hizi, siku za karibuni: "I have not seen him lately", sijamwona siku hizi. Kiranja anayeandika "They came lately" akitaka kuwashtaki wenzake, kwa kweli anawapa udhuru kwamba ni wageni, wamefika juzijuzi tu. Afadhali huyo kuliko mwalimu wa zamu anayebandika ubaoni orodha yenye kichwa "The late students". "The late" mbele ya jina la mtu ni marehemu, na mzazi akipita ghafla akaliona jina la mwanawe pale juu, mtamtafutia maji ya kunywa.

Kwenye "near" na "nearly" tunaponzwa na utajiri wa neno letu wenyewe. Karibu ya Kiswahili hubeba mizigo mingi: duka liko karibu, Ramadhani iko karibu, karibu nianguke, karibu watu mia, na mgeni mlangoni naye karibu. Mwingereza amezigawa. Ya mahali na ya muda ni "near". Ya nusura na ya takriban ni "nearly": "I nearly fell", nusura nianguke, "nearly a hundred people", takriban watu mia. Kwa hiyo anayeandika kwamba dispensari "is nearly the market" amesema dispensari imebaki kidogo igeuke soko, na siku za kliniki ya watoto huenda hajakosea sana. Pimeni hivi: nusura au takriban ikikaa vizuri mahali hapo, tia "ly". Isipokaa, acha.

Sasa "shortly". Wastaafu hualikwa kwenye semina kwa sababu hatuna pa kukimbilia, nami nikiwa huko husubiri dakika ile mwenyekiti anapowageukia washiriki na kusema, "Please introduce yourselves shortly." Wenyeji tunaelewana: taja jina, unakotoka, keti. Safari moja alikuwapo mama mmoja Mwingereza, mtu mzima, amevaa miwani ya kamba, na kwa bahati mbaya alikuwa kiti cha kwanza mstarini. Macho yote yakamgeukia. Akatabasamu. Akakunja mikono juu ya daftari lake, akabaki hivyo, nasi tukabaki hivyo, hadi mwenyekiti alipomwashiria kwa kiganja aanze. Akajibu kwa adabu zake zote kwamba amesikia watajitambulisha punde, kwa hiyo alikuwa akingoja muda ufike. "Shortly" ni punde, baada ya muda si mrefu. Kwa maneno machache ni "briefly". Na lina maana nyingine ya pembeni, mbaya zaidi: "he answered shortly" ni kwamba alijibu kwa mkato, kwa ukavu wa mtu aliyechukizwa. Basi mgeni rasmi akisimama na kuahidi "I will speak shortly", wenye lugha yao wana mawili ya kuwaza: bado hajaanza, au ana hasira. La hotuba fupi halimo, na kwa wageni rasmi wetu huwa halimo kweli.

Haya ni ya kuchekesha, yanaisha na chai ya saa nne. Linaloniuma ni "fairly", maana nimeona kazi yake. Binti mmoja wa mtaani kwetu alikuwa keshia kwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu safi, shilingi haimpotei. Alipotaka kuhamia mji mwingine alimwomba tajiri wake barua ya kumwombea kazi, na tajiri, ambaye alimpenda kwa dhati, akaiandika mwenyewe usiku baada ya kufunga duka. Kwamba ni mchapakazi. Kwamba anawahi. Na kwamba ni "fairly honest". Moyoni alitaka kusema kwa haki kabisa, bila upendeleo, binti huyu ni mwaminifu. Na "fair" si ndiyo haki? Mpira wa haki ni "fair play", na anayecheza kwa haki "plays fair". Ila "fairly" likikaa mbele ya sifa huipunguza. "Fairly good" ni nzuri kiasi, ya hivyohivyo. "Fairly honest" ni mwaminifu kiasi.

Niambieni ninyi wenye maduka: nani atamkabidhi droo ya fedha mtu mwaminifu kiasi? Mwaminifu asubuhi, jioni tuone? Binti alizunguka na barua ile akiitoa kwa fahari kila mlango, na kila mlango ulimpokea vizuri, ukaisoma, ukamwambia atapigiwa simu. Hakupigiwa. Aliyemharibia hakuwa adui, hakupika majungu. Alikuwa anamtakia heri kwa neno alilolipima kwa jicho. Siku binti aliponiletea ile karatasi, kingo zake zimeshalegea kwa kukunjwa na kukunjuliwa, nilimwonyesha mahali. Akanyamaza. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayehesabu nauli alizokwisha kulipa, "Yaani ni hili tu, babu?" Ni hilo tu. Barua iliandikwa upya bila neno hilo. Mstari ukawa mfupi zaidi na sifa ikawa kubwa zaidi.

Mengine nayapitia upesi, kwa kuwa hayamwangushi mtu sana. "High" ni juu kwa kimo, ndege huruka "high". "Highly" ni sana, hasa penye heshima, "highly respected". "Wide" ni kufungua hadi mwisho, nalo ni neno la daktari wa meno; "widely" ni kuenea huku na huko, "widely known". Kisima huchimbwa "deep", lakini mtu husikitika "deeply". "Most" hupita vyote, "mostly" ni kwa sehemu kubwa. "Free" ni bure na "freely" ni bila kuzuiwa, na kwa kuwa hapa kuna pesa, simameni kidogo: tangazo la basi lisemalo "Children under five travel freely" halikusema watoto hawalipi, limesema wanasafiri watakavyo, hata kwa kuning'inia dirishani, na nyumba ya wageni ikikuandikia uchukue vinywaji "freely", kunywa, ila uliza bei kwanza. "Fast" haliongezwi kitu. "Fastly" mnalolipenda halimo katika Kiingereza cha leo, msijisumbue kulitafuta. Kisha kuna yale yenye "ly" mwishoni na wala si vielezi, ni vivumishi vitupu: "friendly", "lovely", "lonely", na "elderly", ambalo ndilo ninaloitwa mimi nikipanga foleni mahali penye viyoyozi.

Mkorogo huu una chimbuko lake, na ukishalijua hutaona tena kwamba Kiingereza kinakuonea wewe binafsi. Miaka elfu moja iliyopita lugha hiyo ilikuwa ikitengeneza vielezi kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuongeza irabu ndogo tu mwishoni: "heard" lilikuwa kivumishi, "hearde" kielezi. Ya pili ni kuongeza "lice", kiambishi kilichotokana na "lic", yaani mwili au umbo, ambalo ndugu yake tunayemjua leo ni "like". Karne zikapita. "Lice" ikamomonyoka hadi ikawa "ly". Ile irabu ya njia ya kwanza ikaacha kutamkwa, ikatoweka kabisa, na kwa kutoweka kwake "hard" la kivumishi na "hard" la kielezi yakabaki na sura moja. "Deep", "wide", "late" na "fast" yalipatwa na hayohayo. Wenzao wenye "ly" walikuja kwa njia ya pili, na kwa kuwa lugha haipendi kulisha watu wawili kwa kazi moja, wengi wao wakatafutiwa kazi nyingine.

"Hardly" lenyewe lilianza likiwa na maana ya kwa nguvu, kwa ukali. Baadaye likawa kwa shida. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ile ya Mfalme James, Mathayo 19:23, neno hilo limesimama kwa maana hiyo: tajiri ataingia mbinguni "hardly", yaani kwa taabu. Msomaji wa leo asiyejua historia hiyo anaweza kudhani tajiri anaingia kidogo tu, mguu mmoja ndani mmoja nje. Waliotutafsiria kwa Kiswahili hawakunasa. Wao waliweka shida. Na jambo lifanywalo kwa shida hufanywa kwa uchache, uchache ukizidi ni kama halifanywi, na hapo ndipo neno lilipotulia mpaka sasa. Kwa hiyo kijana anayeandika "I work hardly" hakukosa akili, amekosea zama. Angezaliwa mapema karne kadhaa, pengine mwajiri angemwelewa.

Wenyewe nao hawajatulia, msidanganyike. Mwaka 1762 Robert Lowth, kasisi aliyekuja kuwa Askofu wa London, alitoa kitabu kidogo cha sarufi akawatoa kasoro hata waandishi wakubwa wa kwao, wakiwamo waliotumia kivumishi kitupu mahali pa kielezi. Mwaka 1795 Lindley Murray, Mmarekani aliyehamia York, akatoa sarufi yake, nayo ikasomeshwa pande zote mbili za bahari. Tangu zama hizo "ly" ikawa alama ya aliyesoma, na aliyeiacha akaonekana hakwenda shule. Hadi leo wapo watu huko wakikiona kibao cha barabarani cha "Drive slow" hushika kichwa wakitaka "slowly", ilhali "slow" limekuwa kielezi kwa mamia ya miaka. Mwaka 1997 kampuni ya Apple ilipojitangaza kwa maneno mawili, "Think different", walitokea waliolalamika kwamba ingefaa "differently". Kwenye "slow", "quick", "loud" na "tight", sura zote mbili hupita na maana ni ileile, ile fupi ikiwa ya mazungumzo zaidi. Mkizozania hayo chai itapoa.

Hata wao kwa wao wakivuka bahari huuziana mbuzi kwenye gunia. Rubani wa Kimarekani akitangaza kwamba ndege itatua "momentarily", anasema punde hivi. Mzee wa Kiingereza aliyezoea maana ya kwao, yaani kwa muda mfupi tu, hukaza mkanda akijiuliza kama atawahi kushuka kabla haijapaa tena. "Presently" nalo, wengi Uingereza wamelizoea kwa maana ya baadaye kidogo, na Marekani kwa maana ya sasa hivi. Kwa hiyo mtu asiwatishe kwa kusema Kiingereza kina mlango mmoja na funguo anazo yeye.

Na hapa niseme na wachekaji, kwa kuwa wananichosha kuliko wakosaji. Kila ofisi inao. Barua ya mwombaji ikifika na kosa, mchekaji anaipiga picha, anairusha kwenye kundi la WhatsApp na vikaragosi vya machozi ya kicheko, jina la mtu likiwa juu na namba yake ya simu chini. Kufika jioni imezunguka mji. Mwenye barua, ambaye angeweza kusahihishwa kwa nusu dakika, anakuja kuiona kwenye simu ya shemeji yake, na tangu siku hiyo Kiingereza kinamkaukia mdomoni. Ukimchunguza mchekaji mwenyewe, ujumbe aliomtumia bosi wake asubuhi ile ulisema "I will explain shortly", naye alikuwa na maana ya kwa ufupi. Umecheka nini sasa? Mpigie huyo kijana, mwambie futa herufi mbili, ulete upya. Simu ya dakika moja haimfilisi mtu.

Wakuu wa ofisi nao ninawaomba: mtu akikuomba barua ya kumwombea, usiipike usiku ukiwa umechoka kisha ukaitia mhuri bila kuionja. Mpe mwingine aisome. Ukiwa na shaka na kielezi, kiondoe. "She is honest" haina upungufu wowote, na "fairly", "hardly" na "nearly" hayakosi kitu yakibaki nje ya barua.

Msiitegemee kompyuta pia. Mstari mwekundu hujitokeza penye tahajia mbovu, na "hardly" tahajia yake ni safi kabisa. Sentensi imetimia: ina mtenda, ina kitenzi, ina kielezi. Ndiyo sababu kosa hili lina madhara kuliko "recieve" na ndugu zake. Kosa la tahajia msomaji huliona, akatabasamu, akaelewa ulichokusudia. Hili halioni. Analisoma na kuliamini.

Dawa yake ni ya nyumbani. Maneno haya hayashikiki kwa kanuni, yanashikika kwa sentensi, tena sentensi ya mambo yako mwenyewe: mama anafanya kazi "hard", baba mdogo "hardly" anapiga simu, basi la Tanga lilifika "late", mvua haijanyesha "lately", tunakaa "near" msikiti, jana "nearly" nikose daladala. Kila jozi sentensi mbili, uziseme kwa sauti mpaka sikio lako lenyewe likatae ile isiyofaa. Kisha kuna jambo moja dogo la kukumbuka, nalo husaidia: neno fupi halipendi kutangulia kitenzi. Umeandika jina lake vibaya, "you spelt it wrong". Lakini alishtakiwa kimakosa, "he was wrongly accused". Likitangulia, mara nyingi linadai "ly" yake. Mkishika hayo mmeshavuka.

Walimu wenzangu mlio bado kazini, ombi langu ni kwenu. Siku mnayofundisha kanuni ya "ly", kabla hamjafuta ubao, andikeni upande wa pili "hard", "late", "near", "short", "fair" na "free", kila moja na mwenzake, na muwaambie watoto kwamba hawa wanasomwa peke yao. Kipindi ni dakika 40. Jambo hili halizidi kumi.